Si Dawa Inayokataa, Ni Mwili

Mgonjwa anayetokwa na vipele baada ya kumeza dawa husema kwamba dawa hiyo "imemkataa." Kauli hii imezoeleka, lakini inapotosha. Kinachokataa si dawa bali ni mwili, na tofauti hiyo haiwahusu wanaisimu pekee.

Amodiakwini, dawa ya malaria, ni mfano mwafaka. Inapovunjwavunjwa mwilini, hasa katika ini, hutokea kemikali kali isiyotulia ambayo hunata kwenye protini. Protini iliyonatiwa hubadilika sura, hata walinzi wa mwili wakaidhania mgeni. Ndipo baadhi ya seli nyeupe za damu zinapounda kingamwili dhidi yake. Kingamwili za aina hiyo zimepatikana katika damu ya wagonjwa waliodhurika. Katika miaka ya 1980, baadhi ya wasafiri walioitumia kujikinga na malaria walipungukiwa mno na seli nyeupe au wakaharibikiwa na ini, na wengine wakafa. Shirika la Afya Duniani liliacha kuipendekeza mwaka wa 1990, kisha likairejesha mwaka wa 1996 kwa ajili ya tiba. Dawa, basi, si adui. Imewafaa wengi na kuwadhuru wachache.

Kwa hao wachache, hatari imo katika kumbukumbu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kinga ya mwili nayo ni vivyo hivyo: baadhi ya seli zake huishi miaka mingi zikimkumbuka adui, na dawa ileile ikirudi, hushambulia kwa kasi na ukali zaidi. Anayeamini kwamba dawa ilimkataa huenda akaijaribu tena, akitumaini kwamba safari hii itamkubali. Anayejua kwamba mwili wake unakumbuka atalihifadhi jina la dawa hiyo na kumtajia kila daktari.

Wapo wanaodai kwamba maarifa haya hayaelezeki ila kwa Kiingereza. Dai hilo halina mashiko. Mzio, seli, protini na kingamwili ni maneno yanayotumika tayari, na methali imekwisha kueleza lililobaki. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya, ilhali karatasi zilizomo katika visanduku vingi vya dawa bado hazimsemeshi mgonjwa kwa lugha hiyo. Wanafunzi wa Kiswahili wasitosheke kubuni istilahi za kufungiwa makabatini. Waketi na wafamasia, waandike maelezo ambayo mgonjwa atayasoma kabla ya kumeza kidonge cha pili.