Misuli Haichagui Mzigo

Vijana wa Kayole, Dandora na Umoja huniuliza: je, daktari, mtu aweza kujenga misuli bila kwenda jimu kuinua vyuma? Naam, aweza.

Msuli haujui kama mzigo ni chuma cha dukani, mikebe iliyojazwa saruji au uzito wa mwili wako mwenyewe. Hukua ukifanyishwa kazi hadi ukaribie kushindwa, kisha ukapata chakula na usingizi. Ukipiga pushapu 30 bila kuhema, zoezi hilo limekuwa jepesi. Weka miguu juu ya ngazi, au ushuke polepole. Mgongo nao wahitaji kujivuta kwenye mwamba wa goli ulio imara.

Sikatai kwamba vyuma vina faida yake. Mzigo huongezwa kidogo kidogo, na miguu, iliyozoea kutubeba kutwa, huhitaji uzito zaidi. Lakini mtungi wa lita 20 uliojaa maji una kilo 20 na ushei: ukumbatie, uchuchumae, uinuke.

Linalonisikitisha ni kijana anayekosa chakula cha mchana ili alipe ada ya jimu. Huyo hujenga asubuhi akabomoa jioni. Pesa hizo zinunue maharagwe, mayai au omena. Na anayekuuzia sindano ya kukuza misuli haraka, mkimbie. Sindano hizo hudhuru moyo na hata uzazi.

Shirika la Afya Duniani hushauri mazoezi ya misuli angalau siku 2 kwa wiki. Anza leo, hapo hapo mlangoni pako.