Kabla ya kumlaumu mtoto, iangalie barabara anayovuka

Wiki chache zilizopita nilimpokea mtoto wa darasa la pili aliyevunjika mfupa wa paja. Aligongwa na bodaboda akivuka kwenda shule. Mama yake alikuwa akilia na kurudia maneno yale yale: “Dokta, kila siku namwambia aangalie pande zote.” Mtoto akajitetea pale kitandani: “Niliangalia, mama.”

Mimi namwamini. Barabara hiyo iliwekwa lami si muda mrefu. Vumbi likaisha, watu wakafurahi. Lakini haikuwekwa tuta, kivuko wala njia ya waenda kwa miguu, na geti la shule linafungukia barabarani moja kwa moja. Zamani mashimo ndiyo yaliyowapunguza mwendo madereva. Lami ilipokuja mwendo ukapanda, watoto wakabaki kuvuka pale pale.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Tunawapeleka watoto kliniki wakachanjwe surua na polio, lakini ni wachache wanaoiona barabara ya shuleni kuwa nayo ni suala la afya.

Kwa nini kuonya peke yake hakutoshi

Mtoto wa miaka saba hawezi kukadiria vizuri mwendo wa chombo kinachokuja. Anaona pikipiki iko mbali, hajui itamfikia baada ya sekunde ngapi. Ni mfupi, hivyo gari lililoegeshwa linamziba na dereva hamwoni. Ukomavu huu huja na umri, hata umchape vipi.

Mwendo nao una hesabu yake. Dereva anayekwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria maeneo ya makazi nchini, hupita takriban mita 14 kila sekunde. Akishtuka baada ya sekunde moja, mita hizo zimeshakwisha kabla hajagusa breki. Kwa kilomita 30 angepita mita 8 tu. Nguvu ya kugonga nayo haiongezeki sawasawa na mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu huwa mara nne. Ndiyo maana wengi wanaogongwa kwa kilomita 30 hupona, na kadiri mwendo unavyopanda hadi 50 na kuendelea, wanaokufa huongezeka sana. Februari 2020, mkutano wa kimataifa uliofanyika Stockholm, Sweden, ulipendekeza ukomo wa kilomita 30 pale ambapo magari na watu wanachangia njia.

Dar es Salaam imeshaonyesha inawezekana

Hatuhitaji kwenda Ulaya kujifunza. Hapa Dar es Salaam, shirika la Amend lilichagua shule ambazo wanafunzi wake waligongwa zaidi, likaweka matuta, vivuko, alama, njia za miguu na vizuizi vya kutenganisha watoto na magari. Penye uwezekano, geti lilihamishiwa upande wenye utulivu. Utafiti uliofuata ulionyesha watoto walioumia walipungua kwa asilimia 26. Mwaka 2019 mradi huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI.

Tuta na rangi nyeupe ni gharama ndogo ukilinganisha na mtoto kulazwa wiki kadhaa, mama kuacha biashara yake na masomo kusimama. Barabara inapochorwa, vitu hivi viwemo tangu mwanzo, visisubiri mtoto agongwe.

Mzazi ufanye nini

Tembea na mwanao njia yote ya shule, asubuhi, wakati ule ule anaokwenda. Andika anapovuka na kinachomziba. Kama kuna njia ya ndani, ndefu kidogo lakini tulivu, mfundishe hiyo.

Wazazi mkutane kupitia kamati ya shule, mpeleke maombi ya maandishi serikali ya mtaa na kwa diwani. Ulizeni barabara ni ya nani: barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, za mitaani chini ya TARURA. Ombeni kitu mahususi: tuta hapa, kivuko pale, geti lihamie kule.

Mtoto akigongwa, hata akiinuka mwenyewe, mpeleke hospitali. Akitapika, akisinzia kupita kawaida, akichanganyikiwa au kichwa kikizidi kumuuma, usisubiri kesho.

Mgonjwa wangu anaendelea vizuri na atatembea tena. Atakaporudi shule atavuka barabara ile ile. Mama yake ameniomba nimsaidie kuandika barua ya mtaa, na tumeshaianza.