Oili Si Siri ya Fundi

Kuna ugonjwa umetuingia sisi tunaojiita waandishi vijana. Tunaandika mashairi ya jasho, tunaandika hadithi za wavuja jasho, lakini viganja vyetu laini kama vya karani wa benki. Juzi nimeinama uani kwetu chini ya pikipiki, beseni limekaa chini ya injini, mikono myeusi mpaka viwikoni, akapita mwenzetu mmoja anayesifika kwa mashairi yake ya wanyonge. Akasimama, akacheka. "Aa, kaka, na wewe siku hizi fundi? Kila kazi na mwenyewe, bwana. Mpelekee fundi, mtoe kidogo, wewe ukaandike."

Nakataa. Naandika hapa ili anisome vizuri, maana siku ile sikumjibu, nilikuwa na bolti mdomoni.

Hebu tuitazame hiyo "kila kazi na mwenyewe". Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akitaka shule isimtenge mtoto na kazi ya mikono. Sisi tuliokuja baadaye tulikuta neno hilo limebaki kufagia uwanja na kumwagilia bustani ya mwalimu. Tukatoka shuleni tunajua kuchora injini ya mipigo minne kwenye karatasi ya mtihani, pistoni hapa, vali pale, mistari imenyooka kabisa, na hatujui bolti ya kumwagia oili iko upande gani. Halafu tunajiita wasomi!

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa na pikipiki ya mkataba. Kwa asiyejua: kila siku unapeleka hesabu kwa tajiri, na muda mliopatana ukiisha chombo kinakuwa chako. Ukishindwa njiani, tajiri anachukua chombo, na hela yote uliyokwisha peleka imekwenda na maji. Kijana alibakiza miezi miwili. Siku ya kubadili oili alikuwa anamwachia fundi pikipiki, yeye anakwenda kunywa chai. Akirudi, "Tayari, mdogo wangu, oili mpya, filta mpya." Analipa vyote viwili. Asubuhi moja, na abiria nyuma, injini ikanoki. Ilipofunguliwa filta ilitoka nyeusi tii, karatasi yake imebonyea na kushikana kama uji uliokauka sufuriani. Ilikuwa haijaguswa muda mrefu sana. Kitu ambacho bei yake haifiki hesabu ya siku moja! Tajiri akachukua chombo chake. Kijana sasa anabeba zege.

Sisemi mafundi wote ni wezi. Wapo waliotufundisha tunachokijua, na bila wao nchi hii ingesimama. Nasema kwamba anayekwenda kunywa chai wakati injini yake imefunguliwa amemkaribisha mwizi. Na anayemwambia kwamba hiyo ni kazi ya fundi tu, mwache fundi, ndiye aliyemtengea kiti cha kunywea hiyo chai. Mshairi wetu yumo humo.

Tena oili ya pikipiki si kama ya gari. Kwenye pikipiki hizi zetu za kijiweni, oili ile ile moja inalainisha pistoni, inaoga nayo gia, na sahani za klachi zinazunguka humo humo. Ndiyo maana inachoka upesi. Ndiyo maana pia ukitia oili ya gari yenye dawa za kupunguza msuguano, klachi inaanza kuteleza: injini inalia, chombo hakiendi. Tazama kopo, tafuta maandishi JASO MA. Na hesabu kilomita, usihesabu miezi. Anayetembea kilomita 120 kwa siku, kwa siku 25 amemaliza 3,000. Kitabu kilichokuja na pikipiki kinasema ibadilishwe lini. Wangapi wamewahi kukiona hicho kitabu? Tajiri amekifungia kabatini pamoja na kadi.

Kazi yenyewe haimalizi saa moja. Washa injini dakika chache ipate joto, uzime. Oili ya moto hutoka haraka na kubeba uchafu, lakini isiwe ya kuunguza. Simamisha chombo wima, weka beseni, fungua bolti ya chini. Mafuta yakiisha kutoka, tazama. Hapa ndipo utamu wa kujifanyia mwenyewe, maana fundi hakuonyeshi: pitisha oili kwenye vidole juani. Ukiona chembe zinazometameta kama unga wa fedha, injini inajisaga, na umeambiwa mapema. Filta ya karatasi itupwe, itiwe mpya, upande wenye tundu uelekee pale ulipokuwa, na mpira wake uwe mzima. Pikipiki nyingine hazina karatasi, zina wavu wa waya. Huo unaoshwa kwa petroli na kurudishwa na springi yake. Bolti ianze kwa vidole, spana imalizie taratibu. Chini pale ni aluminiamu. Wanaume wa kuonyesha nguvu wamekwisha ua nyuzi nyingi, wakaishia kutobolewa tundu kubwa zaidi. Tia oili kipimo cha kitabu, washa, zima, subiri, pima tena kwa kijiti. Basi.

Na kopo ulilomaliza litoboe. Kopo zima lenye lebo safi kuna watu wanalitafuta, walijaze oili chafu iliyochujwa kwa kitambaa, wakuuzie tena wewe yule yule.

Sasa niseme lililo baya upande wangu, kabla mshairi hajaliona. Sisi wa nyumbani tunamwaga ovyo kuliko gereji. Fundi angalau ana pipa, mtu anakuja kununua. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilimwaga mtaroni, usiku, kama mwizi. Mtaro wa kwetu unaingia Msimbazi, na Msimbazi unaingia baharini baada ya kupita kwenye mabonde ambako watu wanamwagilia mchicha. Mama aliniona. Hakunigombeza, aliuliza tu, "Mwanangu, huo mchicha wa jioni tutaununua wapi?" Tangu siku hiyo naweka kwenye dumu lenye kifuniko, likijaa nalipeleka gereji. Na wale wanaopaka oili chafu mbwa mwenye upele, au mikono yao wenyewe, waache. Oili iliyotumika ina sumu za kuleta saratani ya ngozi. Kuvaa glavu si ulaini.

Mdogo wangu amepata pikipiki nyingine, mkataba mpya, hesabu imeanza upya tangu shilingi ya kwanza. Jumapili zinapofika anakuja uani kwetu na oili yake mkononi. Spana ipo, beseni lipo. Filta ile iliyomnyang'anya chombo nimeiweka kwenye kisosi dirishani, mshairi akipita tena nitampa aishike.