Baada ya Toleo Kutoka: Haja ya Kikao cha Tathmini

Programu huria za tarakilishi nyingi hujengwa na watu waliotawanyika duniani, baadhi yao wakijitolea bila malipo, ambao huenda wasikutane ana kwa ana maishani. Toleo jipya linapotoka, pongezi hutolewa, kisha kila mmoja hurejea kwenye shughuli zake. Yule aliyekesha akirekebisha kasoro za dakika za mwisho hunyamaza. Toleo lijalo hayupo, na hakuna ajuaye sababu. Hasara hiyo si ndogo, kwani mradi wa kujitolea hauna mali inayowapita watu wake.

Dawa yake si ngeni. Mwaka wa 2001 Norman Kerth alichapisha kitabu kizima kuhusu vikao vya kutathmini miradi iliyokamilika. Msingi aliousisitiza ni kwamba kila mshiriki achukuliwe kuwa alijitahidi kadiri ya ujuzi na hali aliyokuwa nayo wakati ule. Wapo wanaoliona sharti hili kuwa ulegevu. Kwa maoni yangu, bila sharti hilo kikao hugeuka kuwa mahakama, na mahakamani mshtakiwa hujitetea, hafichui.

Tutazame yaliyoipata Debian. Mwaka wa 2006, mistari michache ya msimbo iliondolewa katika nakala yake ya OpenSSL kwa kuwa zana ya ukaguzi iliilalamikia. Kumbe mistari hiyo ndiyo iliyoingiza unasibu unaohitajika katika kuunda funguo za siri! Ilipotoweka, kilichobaki kubadilika ni nambari ya mchakato tu, ambayo kwa kawaida haikuzidi 32,768. Kasoro hiyo ilitangazwa Mei 2008. Ni rahisi kumlaumu aliyeifuta mistari hiyo. Hata hivyo, kabla ya kuifuta alikuwa amewauliza watengenezaji wa OpenSSL, na jibu alilopata halikumzuia. Swali lenye faida, basi, ni jinsi jambo zito namna hiyo lilivyoweza kupita kati ya jamii mbili bila kukaguliwa vilivyo.

Kwa upande mwingine, kundi linalosimamia matoleo ya Kubernetes limezoea kufanya kikao cha tathmini kila mzunguko unapoisha. Mwaka wa 2020 janga la korona liliurefusha mzunguko wa toleo la 1.19, na mwaka ukaisha kwa matoleo matatu badala ya manne. Jamii hiyo haikukimbilia kurudia desturi. Ilijadiliana, na mwaka wa 2021 ikaamua kubaki na matatu. Bila shaka wengi walishusha pumzi.

Wapinzani huuliza: asiyelipwa aongezewe mkutano wa nini? Hoja hiyo ina uzito. Ndiyo maana kikao kisizidi saa moja, nao walio usingizini wakati huo kwa tofauti ya saa wachangie kwa maandishi. Aidha, kinachowachosha watu zaidi ni maazimio yasiyo na mwenyewe. Mawili yaliyokabidhiwa watu kwa majina ni bora kuliko kumi yanayoelea.

Wafasiri nao waalikwe. Tangu Jambo OpenOffice ilipotoka Dar es Salaam mwaka wa 2004, Kiswahili kina nafasi katika kazi hii, na mfasiri ndiye wa kwanza kujua ni maneno gani yaliyobadilishwa baada ya siku ya mwisho kupita.