Marejesho ya kila wiki yanavyomchagulia mama biashara

Pita uswahilini Dar es Salaam siku ya marejesho utawakuta wanawake wa kikundi cha mikopo wamekaa mkekani, daftari limefunguliwa, kila mmoja ameshika noti zake zilizokunjwa. Asiyetimiza huchangiwa na wenzake palepale. Maneno huja baadaye. Vikundi hivi vimewapa mtaji wanawake ambao benki isingewasikiliza, na vingi hurejesha vizuri. Nawaheshimu kwa hilo. Ila tumevisifu mno hata tukasahau kuuliza vinamfikisha mama wapi.

Chukua mama anayekaanga maandazi Mbagala. Anataka oveni, aoke mikate na kuisambaza madukani. Oveni itaanza kumlipa baada ya miezi kadhaa, lakini rejesho la kwanza linadaiwa wiki ijayo. Akiinunua, wiki ya pili atakuwa anakopa kwingine ili alipe kikundi. Basi fedha ileile anaitia kwenye unga na mafuta, vitu vinavyorudi kuwa pesa kabla siku ya kikao haijafika. Miaka kumi baadaye bado anakaanga, na watu wanasema wanawake hawathubutu. Mimi naona ratiba ya marejesho ndiyo iliyomchagulia biashara. Hata wenzake wanaomdhamini hawapendi aombe fedha nyingi, na wana haki, kwani akikwama mzigo ni wao. Aliyebanwa kabisa huishia kwenye mikopo ya mitaani iitwayo kausha damu, ambako rejesho ni la kila siku.

Kwa nini asiende benki akakope peke yake, alipe kwa miaka mitatu? Ataulizwa dhamana, na dhamana inayoaminika ni nyumba au kiwanja chenye hati.

Kwenye karatasi, hapo hana tatizo. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Kabla ya hapo, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali waliyochuma wanandoa. Lakini mchango huo hupimwa ndoa inapovunjika. Wakati ndoa ingali hai, afisa mikopo anatazama jina lililoandikwa kwenye hati, na mara nyingi ni la baba. Mama aliyebeba tofali na kupika kwa ajili ya mafundi analazimika kumwomba mumewe aweke nyumba rehani kwa biashara isiyo yake. Wapo wanaokubali. Wengi hawakubali, na wengine hukubali kwa sharti kwamba fedha zipitie mikononi mwao.

Ndiyo maana naitazama kwa hamu ile mikopo itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisitishwa mwaka 2023 baada ya ukaguzi kufichua vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, ikarejeshwa 2024. Mjadala wa kuirejesha ulihusu zaidi namna ya kuwabana wakopaji. Hilo lilihitajika, lakini mama wa oveni anahitaji jambo jingine: muda wa kupumua kabla ya rejesho la kwanza, unaolingana na kile anachonunua. Wa mashine ya kukamua alizeti angojewe mavuno. Wa cherehani apewe miezi michache. Halmashauri haina mwanahisa anayedai gawio, kwa hiyo inaweza kungoja.

Na mitaa inapopimwa na kurasimishwa, karani anayejaza fomu amuulize mwenye nyumba, mkewe akiwapo na akisikia, kama hati iandikwe majina mawili. Sheria inaruhusu.