Utulivu wa Tela: Uingereza Yaondoa Mtihani, Ujerumani Yaweka Masharti

Katika mwaka 2021 Serikali ya Uingereza iliamua kwamba dereva yeyote mwenye leseni ya gari dogo aruhusiwe kuvuta tela lenye uzito wa hadi kilo 3,500 pasipo kufanya mtihani wa kuvuta. Amri hiyo ilianza kutumika tarehe 16 Desemba ya mwaka huo katika England, Scotland na Wales. Kabla ya hapo, kila aliyefaulu mtihani wa udereva tangu tarehe 1 Januari, 1997, alilazimika kurudi mbele ya mtahini ikiwa alitaka kuvuta tela zito. Sababu kubwa iliyotolewa haikuwa ya matela yenyewe. Nchi ilipungukiwa madereva wa malori, nao watahini walitakiwa wapate nafasi ya kuwatahini hao.

Twaileta habari hiyo mbele ya wasomaji wetu wa kambini na wa vituo vya polisi kwa sababu inazusha swali linalowahusu kila siku: ni kitu gani hasa kinacholifanya tela litulie nyuma ya gari? Waingereza wengi huvuta karavani, yaani nyumba ndogo za magurudumu waendazo nazo likizoni. Askari huvuta tangi la maji, jenereta, jiko la medani au masanduku ya vifaa. Hata hivyo tela likianza kuyumba halimbagui mtalii na koplo.

Ujerumani ilikuwa imeshika njia nyingine. Huko mwendo wa gari lenye tela katika barabara kuu ni kilomita 80 kwa saa, lakini tangu mwaka 1998 mwenye tela aweza kupewa ruhusa ya kwenda kilomita 100, akitimiza masharti. Gari livutalo liwe na breki zisizofunga magurudumu ghafla. Tairi za tela ziwe hazijapita umri wa miaka 6. Na uzito wa tela ulinganishwe na uzito wa gari likiwa tupu, kwa kipimo kinachotegemea kama tela lina vizuia-mtikisiko au kifaa cha kulituliza kwenye kiungo. Kwa maneno mengine, Mjerumani huuza mwendo kwa bei ya utulivu. Sisi twaona kwamba hesabu hiyo ina busara kuliko ile ya kuondoa mtihani na kumwachia kila mtu ajifunze barabarani, ijapokuwa ni kweli pia kwamba mtihani peke yake haujapata kulinyoosha tela lililopakiwa vibaya.

Na tuitazame kazi yenyewe. Tela hufungwa kwa gari mahali pamoja tu, na mahali hapo huzunguka. Upepo wa ubavuni, lori kubwa lipitalo kwa kasi, shimo, au usukani uliokatwa kwa haraka, kila kimoja chaweza kulisukuma kando. Katika mwendo mdogo tela hurudi lenyewe na kutulia baada ya kuyumba mara moja au mbili. Kadiri mwendo unavyozidi, nguvu hiyo ya kujirudi hupungua, hata ufike mwendo ambao kila myumbo huzaa mwingine mkubwa kuliko wa kwanza. Hapo mkia ndio unaomwongoza mnyama. Mwendo huo wa hatari haukuandikwa kwenye kibao chochote, kwa maana hutofautiana baina ya tela na tela, na hata kwa tela lile lile asubuhi na jioni mzigo ukibadilishwa.

Jambo la kwanza ni uzito unaoshuka juu ya kiungo. Uingereza hushauri uwe baina ya asilimia 5 na 7 ya uzito wa tela. Marekani, ambako magari ya kuvuta na viungo vyake ni vizito zaidi, hutaka asilimia 10 hadi 15. Basi kwa tela la kilo 1,000, Mwingereza hutafuta kilo 50 hadi 70, na Mmarekani kilo 100 hadi 150. Hapana budi pia kuheshimu kikomo cha kiungo cha gari, ambacho mtengenezaji amekiandika. Kukipima si kazi ngumu: tela likiwa limesimama mahali tambarare, mkono wake huwekwa juu ya gogo lililosimamishwa kwenye mzani. Mzigo ukilundikwa nyuma ya ekseli, mkono huo hunyanyuka na kulibeba gari kwa nyuma, tairi za nyuma za gari hulegea barabarani, na kuyumba hakuna budi kufuata.

Lakini kupima kiungo peke yake hakutoshi, na hapa ndipo wengi hukosea. Mtu aweza kuweka kreti zito mbele kabisa na jingine nyuma kabisa, mzani ukasoma sawasawa, na tela likawa hatari vile vile. Mwenye kuchukua madumu mawili ya maji kwenye mti begani aijua siri hiyo. Madumu yakiwa nchani mwa mti, kugeuka ni taabu, na ukisha kugeuka, kusimama ni taabu zaidi. Yakisogezwa karibu na bega, mti huo hutii. Kwa hiyo vitu vizito vikae chini, juu ya ekseli, vikafungwe visitembee, na vyepesi ndivyo viende pembeni. Jenereta iliyofungwa kwa nati haisogei, basi mzigo mwingine ndio utakaolingana nayo.

Tangi la maji lina neno lake. Likijaa kabisa, maji hayana nafasi ya kukimbia. Likiwa tupu, hayapo. Nusu tangi ndilo adui, kwa sababu maji huhama upande kwa upande na kuongeza kila myumbo. Matangi mazuri yana kuta za ndani zilizotobolewa ili kuvunja mbio za maji. Yasiyo nazo yaendeshwe taratibu mno yakiwa nusu, hasa katika miteremko kama ile ya Kabale, ambako gia ndogo huingizwa kabla ya kuanza kushuka, si katikati ya mteremko.

Wala tusidhani kwamba majeshi tajiri hayakosei. Katika mwaka 1999 wakaguzi wa Bunge la Marekani walitoa taarifa juu ya matela mengi ambayo jeshi lao lilikuwa limeyanunua yavutwe na magari ya Humvee, na ambayo hayakuweza kutumika kama ilivyokusudiwa, kwa kuwa gari na tela havikupatana. Fedha zilikuwa zimekwisha kutoka. Tela na gari ni chombo kimoja. Anayenunua kimoja pasipo kukipima na kingine hununua ajali.

Kwa askari wa trafiki, Uingereza ina somo chungu. Katika mwaka 2014, mjini Bristol, mtoto wa miaka 3 aliuawa na tela lililochomoka nyuma ya gari. Sheria yao hutaka tela lenye breki liwe na waya wa dharura unaovuta breki zake likichomoka, na lisilo na breki liwe na mnyororo wa pili. Askari asimamishapo gari lenye tela na ainame: atazame kiungo kama kimefungika barabara, pini ipo, waya au mnyororo umefungwa, upepo wa tairi unatosha, na tela limekaa usawa badala ya kuinua pua juu. Ni kazi ya dakika chache.

Iwapo tela limeanza kuyumba, dereva aondoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani umenyooka, na aache mwendo ushuke wenyewe. Asiukate usukani kulifuata tela, kwa maana mkono wake huchelewa na kuongeza kile anachotaka kukipunguza. Asikanyage breki za gari kwa nguvu. Lakini tela likiwa na breki za umeme zenye kidude chake mkononi mwa dereva, hizo za tela peke yake zivutwe polepole. Wako madereva wakongwe wanaoapa kwamba dawa ni kuongeza mafuta. Ni kweli mvuto waweza kulinyoosha tela kwa nukta chache, ila mwendo nao umezidi, na mguu hautakaa hapo daima. Gari likisha kutulia lisimamishwe kando, wote washuke, na safari isiendelee mpaka mzigo umefunguliwa na kupangwa upya juu ya ekseli.