Kuume kwa nani? Tujifunze pande za mwili wetu



Kila wiki ninapopita nyumba kwa nyumba nakutana na jibu lile lile. Nauliza, "Mama, unaumwa wapi?" Najibiwa, "Tumbo." Sehemu gani ya tumbo? "Tumbo tu, mwanangu, hapa hapa." Mkono unazunguka kuanzia kifuani hadi mapajani. Ndani ya mzunguko huo kuna mfuko wa chakula, ini, bandama, utumbo, kibofu, nyuma kuna figo mbili, na kwa mwanamke kuna mfuko wa uzazi. Mganga atatafuta wapi?

Naomba nafasi katika ukurasa huu wa maoni niseme jambo ambalo wenzangu wengine wanaona si letu. Maoni yangu ni kwamba kila mtu mzima hapa kambini, na kila mtoto aliyefika darasa la tano, ajue viungo vyake vikubwa viko upande gani, na ajue kuutaja upande huo bila kumpoteza anayemsikiliza. Kuna wanaosema anatomia ni kazi ya madaktari, sisi tuhubiri kunawa mikono na kulala ndani ya chandarua. Hata mimi nilifikiri hivyo, ingawa nilipaswa kujua zaidi kwa sababu ya jambo lililonipata Rumonge.

Wengi wenu mnaikumbuka Januari 2018, vita vilipotufukuza pwani ya Fizi, maelfu yetu tukavuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi na maboti tukafikia Rumonge. Mimi nilikuwa na miaka 16, mwanafunzi wa sekondari. Tulifika usiku, tumelowa, na mama yangu mdogo alikuwa anaumwa tumbo tangu ng'ambo. Mwanzoni alishika kitovu. Asubuhi maumivu yakawa yamehama. Tulipopata muuguzi, alikuwa mtu wa bara, anasema Kirundi na Kifaransa, Kiswahili chake kidogo. Mama mdogo anasema Kibembe na Kiswahili. Kwa hiyo mimi, niliyekuwa najivunia Kifaransa changu cha shule, nikawa mkalimani.

Nilisimama mbele ya mama mdogo, uso kwa uso, karibu na muuguzi. Mama mdogo akaweka mkono chini ya kitovu, upande mmoja. Nikaangalia mkono ule, nikaona uko upande wa mkono wangu wa kushoto, nikamwambia muuguzi kwa Kifaransa: kushoto, chini. Muuguzi akaandika kushoto. Watu walikuwa wengi mno siku ile, hakumpapasa. Akampa dawa za minyoo na za kutuliza maumivu, tukaondoka tukishukuru.

Msomaji, simama sasa hivi mbele ya mwenzako uangalie. Kushoto kwangu kulikuwa kuume kwake. Maumivu yanayoanzia kitovuni kisha yakahamia chini, upande wa kuume, kwa mtu aliyepoteza hamu ya kula, mganga yeyote akiyasikia hivyo atawaza kwanza kidole tumbo, ambacho wengi wetu tunakiita apandisiti. Kesho yake usiku tumbo la mama mdogo lilikuwa gumu kama ubao na homa imepanda. Mganga mwingine alimpapasa mwenyewe, akauliza nani aliandika kushoto. Alipasuliwa kidole tumbo kikiwa kimeshatoboka, usaha umeshaenea tumboni. Alipona, lakini alilala wiki nyingi, na kovu lake ni refu kuliko ambavyo lingekuwa kama angepasuliwa siku ya kwanza.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nalieleza hapa kwa sababu kila siku naliona likirudiwa na watoto wenu wanaowasindikiza kituoni.

Sisi watu wa ziwa tungepaswa kulielewa jambo hili haraka kuliko wengine. Ukiwa Fizi, ukitazama njia ya Uvira, ziwa liko kuume kwako na milima iko kushoto. Ukiwa Rumonge, ukitazama njia ya Bujumbura, ziwa liko kushoto na milima iko kuume. Ni ziwa lile lile. Kule kwetu jua lilikuwa linatoka majini. Rumonge linatua majini, nyuma ya rasi ya Ubwari. Nakumbuka wiki zile za kwanza watu wazima walikuwa wanapotea njia ya sokoni kwa sababu miguu yao ilizoea ziwa la upande mwingine. Kumwambia mtu "nenda upande wa ziwa" kunategemea amesimama ng'ambo ipi. Kusema "kuume" na "kushoto" ni hivyo hivyo, mpaka mkubaliane ni kuume kwa nani.

Madaktari walishakubaliana. Mwaka 1895 wataalamu wa anatomia walikutana Basel, Uswisi, wakapitisha orodha moja ya majina ya Kilatini, maana kiungo kimoja kilikuwa kinaitwa kwa majina mengi, kila mwalimu na lake. Orodha hiyo imerekebishwa mara kadhaa, na mwaka 1998 ilitolewa nyingine. Ili majina ya pande yasigongane, walichagua pia mkao mmoja: mtu amesimama wima, anatazama mbele, miguu pamoja, mikono imening'inia, viganja vimegeukia mbele. Hata kama mgonjwa amelala chali, au amejikunja kwenye mkeka, au anabebwa kwenye machela, mganga anamfikiria kana kwamba amesimama hivyo. Na kuume ni kuume kwa mgonjwa. Si kwa mganga, si kwa mkalimani, si kwa mama mkwe aliyesimama mlangoni.

Kwa nini wakachagua kusimama? Fikiria mbuzi. Mgongo wa mbuzi uko juu na tumbo liko chini. Mgongo wa mtu aliyesimama uko nyuma na tumbo liko mbele. Mtu huyo akilala chali, tumbo limekuwa juu. Bila mkao mmoja, neno "juu" lina maana tatu kwa mgonjwa yule yule katika saa moja.

Katika mafunzo yetu ya kwanza sisi wahudumu wa kujitolea tulipewa karatasi yenye maneno ya Kifaransa ya pande hizi. Wapo wenzangu wanaoyatamka mbele ya wagonjwa ili waonekane wamesoma. Mimi nasema tuyaache kituoni. Nyumbani, "mbele" na "nyuma" yanatosha, "upande wa kichwa" na "upande wa miguu", "katikati" na "pembeni". Maneno mawili tu yalinisumbua, proksimali na distali, mpaka nilipoyaweka kwenye barabara ya kando ya ziwa. Ukitoka Bujumbura unafika Rumonge kwanza, halafu Nyanza-Lac. Sasa sema bega ni Bujumbura, kiwiko ni Rumonge, kiganja ni Nyanza-Lac. Kilicho karibu na mwanzo wa barabara ni proksimali, kilicho mbali ni distali. Kiwiko ni proksimali kwa kiganja lakini ni distali kwa bega, kama vile Rumonge ilivyo mbali kwa mtu wa Bujumbura lakini iko njiani kwa mtu wa Nyanza-Lac. Faida yake ni hii: Kiswahili chetu kinasema "mkono" kuanzia begani hadi vidoleni, na "mguu" kuanzia pajani hadi unyayoni. Mtoto "amevunjika mkono" hakusaidii kitu kwenye simu ya usiku ukiita gari la wagonjwa. Sema amevunjika kati ya kiwiko na kiganja, mkono wa kushoto. Umemaliza.

Kiswahili kina mitego mingine. "Juu ya tumbo" inaweza kuwa kwenye ngozi ya tumbo, au sehemu ya tumbo iliyo chini ya mbavu. Afadhali useme "chini ya mbavu" au "juu ya kitovu". "Roho inaniuma", kwa sisi tuliotoka Kongo, ni moyo. Lakini wengi wakisema hivyo wanaweka mkono pale mbavu zinapokutana, na mara nyingi kinachouma pale ni mfuko wa chakula. Moyo wenyewe uko karibu katikati ya kifua, umeegemea kushoto kidogo. Na mama mjamzito anayesema "mgongo" hali anamaanisha kiunoni, maumivu yanakuja na kuondoka, huenda uchungu wa kuzaa umeanza.

Ini liko kuume, limefichwa chini ya mbavu. Bandama liko kushoto, chini ya mbavu pia. Malaria ya mara kwa mara hulivimbisha, na kichocho cha matumbo, kinachojulikana sana bonde la Rusizi, huvimbisha yote mawili. Wazee wetu waliomchanja mtoto chale upande wa kushoto chini ya mbavu walijua vizuri bandama liko wapi, ingawa chale zenyewe hazitibu na wembe unaweza kuleta magonjwa mengine. Figo ziko nyuma, kila moja upande wake, chini ya mbavu za mwisho. Kibofu kiko chini kabisa mbele.

Kuna sehemu moja nataka akina mama na wasichana waisome mara mbili. Mwanamke ambaye hajaona siku zake, kisha akashikwa na maumivu makali chini ya kitovu, hasa upande mmoja, iwe kuume au kushoto, pengine na damu kidogo au kizunguzungu, aende kituoni saa ile ile hata kama ni usiku. Mimba inaweza kuwa imekaa nje ya mfuko wa uzazi, kwenye mrija. Mrija ukipasuka, damu humwagika ndani, na wakati mwingine mgonjwa huumwa ncha ya bega, jambo ambalo watu wa nyumbani hulidharau. Na maumivu yoyote makali ya tumbo, upande wowote, msimpige mgonjwa bomba la dawa za miti. Mama mdogo alipigwa bomba usiku ule na jirani mwenye nia njema. Kidole tumbo kilichovimba hakitaki kusukumwa.

Sasa aibu. "Mbele" na "nyuma" kwetu yana maana nyingine ambayo kila mtu anaijua. Mzee mmoja aliniambia kwa miezi mitatu kwamba anaumwa "nyuma", nami nikimwandikia mgongo, kumbe alikuwa anatoka damu kwenye njia ya haja kubwa. Alikuwa ananiheshimu kama binti yake, hakuweza kulitamka. Simlaumu. Lakini Baba, Mama, kama huwezi kulitamka mbele ya msichana, omba mhudumu wa kiume. Kama hakuna, sema "njia ya haja kubwa" au "njia ya haja ndogo". Hayo si matusi. Anayesikia atashusha macho, ataandika, basi.

Msione haya pia kukosea pande. Hata vyumba vya upasuaji vimewahi kukosea. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji, na moja ya mambo ya kwanza ndani yake ni mgonjwa kuulizwa, kabla ya kulazwa usingizi, athibitishe jina lake na mahali atakapopasuliwa, na mahali hapo pawekwe alama. Kama daktari mpasuaji anachora alama, mimi na wewe tunaweza kuweka kidole. Kidole kimoja, si kiganja kizima. Weka pale panapouma zaidi, kisha onyesha palipoanzia, kama pamehama.

Kwa watoto wanaosindikiza wazazi wao, na kwa yeyote anayefasiri: usisimame mbele ya mgonjwa kama nilivyosimama mimi. Simama ubavuni mwake, mtazame upande mmoja kama watu wawili waliokaa kwenye mtumbwi. Hapo kuume kwake ni kuume kwako, na ulimi hauna nafasi ya kukosea. Muuguzi akisema Kirundi, kuume ni iburyo na kushoto ni ibubamfu. Mfundishe mwanao maneno hayo mawili leo jioni, amshike bibi yake mkono unaohusika akiyatamka.

Ninalo ombi moja kwa wakuu wa kituo chetu, nao najua wanausoma ukurasa huu. Katika chumba cha uchunguzi kiti cha mgonjwa kiko upande mmoja wa meza, na kiti cha mkalimani kiko upande wa pili, pamoja na mganga. Kila anayefasiri anakaa uso kwa uso na mgonjwa. Kiti hicho kihamishwe. Ni kuvuka meza tu, na nafasi ipo kando ya dirisha. Nimeipima kwa hatua zangu, ni mbili na nusu.